Kiharusi cha Nini? Mhadhara kuhusu Vyanzo vya Kiharusi na Hatima ya Mgonjwa

 

Habari ikifika kwamba mtu wetu amepata kiharusi, sote tunajua yanayoulizwa. Ni lini? Yuko hospitali gani? Anaongea? Upande gani umepooza? Hayo yote ni ya haki, lakini liko swali moja ambalo mara nyingi silisikii, nalo ndilo lililonileta mbele yenu: kiharusi hicho kimetokana na nini? Mgonjwa aliyeambiwa ana kiharusi bila kuambiwa chanzo chake amepewa nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ndiyo inayoonyesha dawa gani itamfaa, dawa gani itamdhuru, na uwezekano wa kupigwa mara ya pili ni mkubwa kiasi gani.

Kutafuta chanzo si jambo la madaktari peke yao. Watafiti waliozungumza na wananchi wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, waligundua kwamba watu wa Hai wengi walikihusisha kiharusi na presha na mawazo mengi, ilhali Dar es Salaam wengi walikihusisha na majini na uchawi. Imani hizo hazikubaki midomoni. Aliyeamini presha alimpeleka mgonjwa hospitali kwanza, na aliyeamini jini alianzia kwa mganga. Siwalaumu. Mtu mzima aliyelala salama akaamka hawezi kuinua kijiko lazima jamaa zake watafute maelezo, na wasipopewa na daktari watayapata kwingine. Kwa hiyo chanzo tunachokitaja huamua njia atakayopitishwa mgonjwa, nasi tuna wajibu wa kukitaja kwa usahihi.

Kabla sijaingia ndani, nisije nikaeleweka vibaya: saa ya kwanza si saa ya kuuliza chanzo. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukishindwa kuinuka, maneno yakikokota au yakikosa maana, piga 999 papo hapo. Hospitali ya Royal London iko Whitechapel, kituo kimoja tu kutoka hapa Stratford kwa treni ya Elizabeth, na najua wapo watakaoshawishika kumshika mgonjwa mkono wampandishe treni. Msifanye hivyo. Mwaka 2010 London ilipanga upya huduma ya kiharusi na kuzichagua hospitali nane, Royal London ikiwamo, ziwe na vitengo maalumu vya saa za mwanzo. Wahudumu wa gari la wagonjwa wanajua pa kwenda, nao huarifu mapema ili timu imsubiri mgonjwa mlangoni. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na faida yake hupungua kadiri muda unavyokwenda. Bonge kubwa linaweza kuvutwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi kichwani, tiba ambayo utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2015 uliithibitisha. Tiba zote mbili hazisubiri kujua bonge limetoka wapi, ila haziwezi kuanza bila picha ya kichwa.

Picha hiyo hujibu swali la kwanza kabisa: mshipa umeziba au umepasuka? Mwaka 1658 daktari wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, alieleza jinsi alivyopasua maiti za watu waliokufa kwa kiharusi akakuta damu imemwagika ndani ya ubongo. Leo picha ya CT inatuonyesha hayo mgonjwa akiwa hai, kwa dakika chache. Bila picha hatuwezi kuwa na hakika, kwa kuwa uso uliopinda ni uleule, mkono uliolegea ni uleule. Katika Afrika sehemu ya viharusi vya kuvuja damu ni kubwa kuliko Ulaya, hasa kwa sababu ya presha isiyotibiwa. Anayevuja damu akipewa dawa ya kuzuia damu kuganda anaweza kuuawa na dawa.

Jioni hii nataka tukae na kiharusi cha kuziba. Katika miaka ya 1840 Rudolf Virchow, Mjerumani, alionyesha kwamba bonge la damu linaweza kuumbika mahali pamoja mwilini, likang'oka, likasafiri na damu na kuziba mshipa mahali pengine kabisa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Mkanada C. Miller Fisher aliichunguza mishipa ya shingo, ambayo wakati ule wachunguzi wengi wa maiti walikuwa hawaifungui, akaonyesha kwamba ugonjwa unaoua ubongo mara nyingi unaishi shingoni. Ndiye pia aliyeeleza kwa makini vile vishimo vidogo vinavyobaki ndani ya ubongo baada ya vijimshipa vyembamba kuziba. Kwa hiyo vyanzo vitatu vikajulikana: moyo, mishipa mikubwa, na vijimshipa vya ndani.

Mpangilio unaotumika zaidi duniani ulichapishwa mwaka 1993 na Harold Adams na wenzake huko Marekani, nao unaitwa TOAST, kifupi cha jina la utafiti ambao ndani yake ulizaliwa. Utafiti wenyewe ulikuwa wa kupima dawa ya kuzuia damu kuganda iliyokuwa na namba 10172. Matokeo yalipotoka mwaka 1998, dawa haikuwa imewasaidia wagonjwa kwa ujumla wao. Kwa kiharusi dawa hiyo ikasahauliwa, jedwali la vyanzo likabaki, na hadi leo daktari wa Whitechapel na daktari wa Muhimbili wakijadiliana juu ya mgonjwa mmoja hutumia makundi yaleyale matano: mishipa mikubwa yenye utando wa mafuta, bonge kutoka moyoni, vijimshipa vidogo, chanzo kingine kilichothibitishwa, na chanzo kisichojulikana.

Je, kugawa huku kunamsaidia mgonjwa, au ni utaratibu wa makaratasi? Katika mji wa Rochester, Minnesota, watafiti walifuatilia wakazi wote waliopata kiharusi cha kuziba kati ya 1985 na 1989, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Ndani ya siku 30, waliokuwa na bonge la moyoni walikufa kwa asilimia 30.3. Wa mishipa mikubwa, asilimia 8.1. Wa vijimshipa vidogo, asilimia 1.4. Ukitazama kupigwa mara ya pili ndani ya siku hizohizo 30, mpangilio unabadilika: wa mishipa mikubwa ndio walioongoza kwa asilimia 18.5, wa moyo 5.3, wa vijimshipa 1.4. Wote hao jirani zao wangesema wamepata kiharusi, basi. Lakini mmoja anahitaji kulindwa asife wiki hii, mwingine anahitaji kulindwa asipigwe tena wiki ijayo.

Tuanze na moyo, kwa kuwa ndiko tunakopoteza wengi. Vyumba vya juu vya moyo vinaweza kuacha kupiga kwa mpangilio vikawa vinatetemeka tu. Damu iliyokwama humo huganda kama maziwa yaliyoachwa kibuyuni, na siku moja bonge linatoka. Bonge la moyoni huwa kubwa, huziba mshipa mkubwa wa ubongo, na ndiyo sababu vifo ni vingi. Mwenye mapigo ya namna hii ana hatari ya kiharusi mara tano hivi kuliko mwenzake wa umri wake. Habari njema ni kwamba hapa dawa inafanya kazi kubwa. Utafiti wa Ulaya wa 1993 uliwachukua watu waliokwisha kupata kiharusi au dalili zake za muda mfupi, wenye mapigo ya kutetemeka, na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikapunguza kiharusi kipya kutoka asilimia 12 hadi asilimia 4 kwa mwaka.

Mtu anaweza kufikiri basi kila mwenye kiharusi cha kuziba apewe warfarini. Hilo lilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 2,206 ambao chanzo chao hakikuwa moyo, na matokeo yake yakachapishwa 2001. Warfarini haikuishinda aspirini. Dawa iliyowaokoa wa moyo haikuwaongezea wengine chochote, na warfarini haina huruma: inataka kupimwa damu mara kwa mara, inagombana na dawa nyingine, inavujisha damu.

Mishipa mikubwa ina haraka yake. Mshipa wa shingo ukisinyaa kwa utando wa mafuta kwa asilimia 70 au zaidi, na tayari umeshatoa dalili, upasuaji wa kuusafisha unaweza kubadili mambo kabisa. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa 1991 ulionyesha kwamba kwa miaka 2 hatari ya kiharusi upande uleule ilishuka kutoka asilimia 26 hadi 9. Lakini faida hiyo ni kubwa zaidi upasuaji ukifanyika ndani ya wiki 2, kisha inayeyuka. Kwa hiyo mzee ambaye mkono wake ulikufa ganzi kwa nusu saa ukarudi, akasema "ilikuwa uchovu tu", amepoteza siku ambazo haziwezi kurudishwa. Tafadhalini, dalili zilizopita zenyewe zisituridhishe.

Vijimshipa vidogo vinatuhusu sisi zaidi ya tunavyodhani. Rejista ya kiharusi ya London Kusini, iliyoanza 1995 katika mitaa ya Lambeth na Southwark, imeonyesha kwamba watu weusi hupata kiharusi cha kwanza wakiwa na umri mdogo kwa takriban miaka 10 kuliko weupe. Na watafiti wa London Kusini walipolinganisha vyanzo, ugonjwa wa vijimshipa ulionekana kwa watu weusi kwa zaidi ya maradufu ya ulivyoonekana kwa weupe. Presha na sukari ndizo zinazoviharibu vijimshipa hivi, polepole, bila maumivu. Mgonjwa wa kundi hili hutoka hospitali akitembea, na familia hufanya sherehe. Nami nafurahi nao. Lakini miaka ikipita, vishimo vidogo vinaongezeka kimyakimya, mwendo unakuwa wa kuburuza miguu, kumbukumbu inapungua. Tukamwita mzee msahaulifu au mkaidi, kumbe ni ugonjwa uleule unaendelea. Kumrundikia dawa mbili za kuzuia damu kuganda hakusaidii: utafiti mkubwa wa 2012 juu ya viharusi vya namna hii ulionyesha kwamba kuongeza klopidogreli juu ya aspirini hakukupunguza kiharusi, na vifo viliongezeka. Tiba yake kuu ni presha kushushwa na kubaki chini, kila siku, mwaka hadi mwaka. Si tiba ya kusisimua, na labda ndiyo maana tunaiacha.

Kundi la nne nitalipita haraka, isipokuwa kwa watoto wenye selimundu. Wengi wenu mnawajua, hapa Newham na nyumbani. Mtoto wa selimundu anaweza kupata kiharusi kabla hajaanza shule. Mwaka 1998 ilithibitishwa kwamba kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo, inayopimwa kwa altrasaundi bila sindano wala maumivu, humtambulisha mtoto aliye hatarini, na kuongezewa damu mara kwa mara kulipunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Uingereza watoto hawa hupimwa kila mwaka kuanzia umri wa miaka 2. Mzazi ambaye mtoto wake hajaitwa kwenye kipimo hicho asisubiri barua, apige simu kliniki. Wengine wa kundi hili ni wale wenye mshipa uliochanika shingoni, kaswende, magonjwa yanayoambatana na VVU, na kadhalika.

Sasa nifike kwenye kundi la tano, ambalo limenikosesha usingizi kuliko mengine. Barua ya hospitali inaposema chanzo hakijulikani, kwa mujibu wa mpangilio wa 1993 inaweza kuwa na maana tatu tofauti kabisa. Ya kwanza: vyanzo viwili au zaidi vimepatikana na daktari hawezi kusema kipi ndicho. Ya pili: tumetafuta kote, hatukupata. Ya tatu: hatukutafuta vya kutosha. Maneno ya mwisho kwenye karatasi ni yaleyale. Lakini wa kwanza ana maadui wawili wanaojulikana, wa pili ana fumbo la kweli, na wa tatu ana vipimo ambavyo havijafanyika. Kuwaweka watu hawa katika kapu moja kunaweza kumfaa mtafiti anayehesabu, lakini kunamdhulumu mgonjwa wa tatu, kwa sababu kunafanya upungufu wa huduma uonekane kama siri ya maumbile.

Hata pale tulipodhani tumetafuta, wakati mwingine tulitafuta kwa muda mfupi mno. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watu waliopata kiharusi kisichojulikana chanzo. Nusu yao walipandikizwa chini ya ngozi ya kifua kifaa kidogo kinachorekodi mapigo ya moyo mchana na usiku, nusu wakafuatiliwa kwa njia za kawaida. Baada ya miaka 3, mapigo ya kutetemeka yalikuwa yamegunduliwa kwa takriban asilimia 30 ya wenye kifaa, na asilimia 3 tu ya wenzao. Moyo unaweza kutetemeka saa mbili usiku wa Jumanne ukatulia mwezi mzima. Kipimo cha umeme wa moyo (ECG) cha sekunde 10 hospitalini hakiukamati.

Wapo waliosema: basi tuwape wote hawa dawa za kisasa za kuzuia damu kuganda, tusihangaike na vifaa. Hilo nalo lilipimwa. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya wagonjwa zaidi ya 7,000 wa kiharusi kilichoonekana kutokana na bonge lisilojulikana lilikotoka, rivaroksabani ikishindanishwa na aspirini. Kiharusi hakikupungua, kuvuja damu kuliongezeka. Mwaka uliofuata dawa ya aina hiyohiyo, dabigatrani, nayo haikuishinda aspirini. Nayachukua matokeo haya kwa uzito mkubwa. Yanasema hatuwezi kukwepa kazi ya kutafuta kwa kumtibu kila mtu kana kwamba tumeshapata.

Nyumbani kazi hiyo ni ngumu zaidi. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi katika Hai na Dar es Salaam kwa kwenda hadi kwenye kaya. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walipata viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Hai, na 315.9 Dar es Salaam, kiwango cha kutisha kwa mji wowote duniani. Picha ya CT mgonjwa hulipia, tena mbali na alipo. Kwa hiyo "haijulikani" ya kule mara nyingi sana ni ile ya tatu. Na moyo wa kule una maradhi ambayo wenzetu wa Ulaya wamekaribia kuyasahau: vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki iliyoanza kama koo la mtoto ambalo halikutibiwa.

Hapa nazungumza nanyi kama watu wa Stratford, kwa sababu ya masanduku. Tunasafiri na dawa. Aspirini inakwenda kwa mjomba, vidonge vya kuzuia damu kuganda alivyobakiza marehemu vinakwenda kwa shangazi, kwa kuwa "wote walipata kiharusi". Upendo uliomo ndani ya sanduku hilo naujua na nauheshimu. Lakini mjomba hakupigwa picha, na huenda alivuja damu. Shangazi ana vali iliyosinyaa. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye moyo wa rumatiki na mapigo ya kutetemeka, kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wengi tulitarajia rivaroksabani, dawa mpya na ya bei, ingetosha. Waliotumia dawa za jamii ya warfarini, za zamani na za bei nafuu, ndio walioepuka kifo zaidi. Dawa bora ya Whitechapel inaweza kuwa dawa duni kwa shangazi wa Tanga, si kwa sababu ya Tanga, bali kwa sababu chanzo chake ni kingine.

Kwa hiyo, ikiwa mgonjwa wetu ametibiwa hapa, kabla hajatoka wodini mwombeni daktari aandike kwenye barua ya kuruhusiwa: kiharusi cha kuziba au cha kuvuja; chanzo kinachodhaniwa; vipimo vilivyofanyika na ambavyo bado. Barua ikisema haijulikani, ulizeni ni ipi kati ya zile tatu. Wengi wa wagonjwa wetu hurudi Mombasa au Zanzibar kuuguzwa na ndugu, na daktari atakayewapokea huko hatakuwa na kitu kingine cha kushika ila barua hiyo.

Ikiwa mgonjwa yuko nyumbani, anzeni na kilicho rahisi. Mhudumu amshike kifundo cha mkono ahesabu mapigo kwa dakika nzima, si kwa sekunde 15, asikilize kama yanarukaruka. Apimwe presha na sukari, vijana wapimwe VVU na kaswende. Kisha ECG, na ikitoka safi irudiwe siku nyingine. Pesa ikipatikana, picha ya CT ndiyo ya kwanza, ifanyike mapema iwezekanavyo, maana damu iliyovuja hubadilika sura kwenye picha siku zinavyopita. Inafuata eko, yaani altrasaundi ya moyo, na kwa aliye chini ya miaka 50 aliyewahi kuambiwa ana moyo mkubwa, eko ije kabla ya altrasaundi ya shingo. Dawa ya kuzuia damu kuganda, hata iwe imeshafika sandukuni, ikae kabatini hadi majibu hayo yasomwe na daktari anayemwona mgonjwa kwa macho yake.